Baiskeli ya zamani, breki zinalia na siti inapiga kelele: namna ya kuzinyamazisha mwenyewe nyumbani

Kama una Phoenix ya mzee, au Hero, au ile Raleigh ya babu iliyokaa stoo miaka na miaka, ukiitoa tu barabarani mtaa mzima unajua unapita. Ukishika breki inalia kiiiii, ukikaa kwenye siti inaitikia nyiku nyiku kila unapokanyaga pedeli. Wengi wanachofanya hapo ni kuchukua ile oili chafu iliyotoka kwenye pikipiki na kuanza kumwagia kila kona, alafu jioni wanakuja kushangaa siti imetulia kweli ila breki hazishiki kabisa na wao ndo wako kwenye mteremko.

Kwahiyo kabla ya yote tuwekane sawa. Hizi kelele mbili dawa zake zinapingana. Breki inalia kwa sababu ya uchafu, mafuta au kitu kulegea, yenyewe inataka usafi na ukavu. Siti inalia kwa sababu chuma kikavu kinasugua chuma kikavu, yenyewe inataka grisi. Ukichanganya hizo dawa umeumia. Ndo maana mi nashauri uanze na breki, umalize kabisa, uijaribu, ndo uje kwenye siti ukiwa umefunika gurudumu la nyuma kwa gunia au kanga ya zamani ili tone la grisi lisije likadondokea kwenye rimu.

Hapa naongelea zaidi yale mabaiskeli ya chuma ya tairi 28, yale Wakenya wanayaita Black Mamba, yenye breki za fimbo badala ya waya, maana ndo yaliyojaa Tabora, Shinyanga, Unguja na vijijini kote. Kama yako ni ya waya usiondoke, mambo mengi ni yale yale na pale yanapotofautiana nitasema.

Vifaa sio ishu. Spana namba 10, 13 na 14, bisibisi bapa, plaizi, nyundo, msasa, mswaki uliochoka, sabuni ya unga, matambara safi, mafuta ya taa kidogo na grisi. Grisi usinunue kopo kubwa, nenda duka la spea au kwa fundi akuchotee kidogo kwenye nailoni, inatosha na itabaki. Ila baiskeli za Kiingereza za zamani zina nati za inchi, ukilazimisha spana ya milimita inakula kona za nati mpaka inakuwa duara na hapo umejitafutia kesi nyingine. Tafuta spana ya inchi kwa fundi, au tumia spana malaya ambayo mdomo wake bado mzima, ibane ikae vizuri kabisa kwenye nati ndo uzungushe.

Sasa usianze kufungua. Sikiliza kwanza, maana breki ina kelele za aina nyingi na kila moja inasema kitu chake. Ikilia kiiii nyembamba ya juu, hiyo ni mtetemo, raba inashika rimu inaachia inashika inaachia kwa kasi kubwa, chanzo chake ni mafuta kwenye rimu, raba iliyokauka ikawa ngumu, au breki yenyewe kulegea. Ikisema krrrr ya kukwaruza, kuna mchanga au kipande cha chuma kwenye raba, au raba imeisha na chuma chake ndo kinakula rimu, hiyo acha kuendesha leo leo. Ikisema tak, tak, tak kwa mpangilio, mara moja kila gurudumu linapozunguka, hiyo ni rimu, ina bonde au kile kiungo chake kimenyanyuka. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, shika breki taratibu na utege sikio. Fanya mbele alafu fanya nyuma, maana mara nyingi inayolia ni moja tu na watu wanafungua zote mbili bure.

Baada ya hapo shika raba ya breki kwa vidole na uitikise. Kisha shika kile chuma chenye umbo la U kinachobeba raba, nacho kitikise. Vikicheza cheza, usihangaike na kingine chochote, kaza kwanza hizo nati. Kwenye breki za fimbo kuna viungo vingi njiani, kuanzia mkono wa breki kwenye usukani mpaka chini karibu na pedeli kwa breki ya nyuma, na kila kiungo kikilegea kinaongeza nafasi ya kutetemeka. Fuata fimbo kwa mkono kuanzia juu mpaka chini ukikaza ulichokuta kimelegea. Kaza ikae, usikaze kwa hasira, nati hizi ndogo uzi wake unakufa haraka.

Kitu kingine ambacho mafundi wenyewe wanakisahau ni gololi za usukani. Shika breki ya mbele kwa nguvu, alafu isukume baiskeli mbele nyuma mbele nyuma ukiwa umesimama pembeni yake. Ukisikia kitu kinagonga pale shingoni chini ya usukani, basi foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) inacheza, na foku ikicheza breki ya mbele italia hata ukiiwekea raba mpya kutoka dukani. Kaza ile nati kubwa ya shingo mpaka mchezo uishe lakini usukani bado uzunguke laini bila kukwama.

Tuje kwenye rimu, maana hapa ndo penye siri yote. Breki ya fimbo haibani rimu kwa pembeni kama ya waya, raba zake zinavutwa kwenda juu na kugusa ule upande wa ndani unaoangalia spoku. Ni mahali ambapo macho hayafiki. Watu wanaosha baiskeli inang'aa, rimu kwa nje kama kioo, lakini ule mstari wa ndani ambao raba inapita una tope la masika mbili zilizopita limechanganyika na oili iliyodondoka kwenye cheni. Pitisha kidole pale. Kikitoka cheusi na kinateleza, mgonjwa umeshampata.

Loweka sabuni ya unga kwenye maji ya uvuguvugu, chukua mswaki, sugua rimu yote kuzunguka, kipande kwa kipande katikati ya spoku, pande zote mbili. Suuza, futa na tambara safi, geuza tambara, futa tena mpaka litoke jeupe. Kama mafuta ni magumu tumia mafuta ya taa kidogo kuyalainisha ila LAZIMA umalizie na sabuni, maana mafuta ya taa nayo yanaacha utando wake na ukiacha hivyo umebadilisha tu aina ya mafuta. Spiriti ni nzuri zaidi kumalizia kama ipo, inakauka yenyewe na haiachi kitu. Petroli achana nayo, sio ya kuoshea vitu uani watoto wakiwa karibu na jiko la mkaa linawaka. Na vyovyote utakavyotumia jitahidi isilowanishe tairi, mafuta yanaila raba taratibu.

Rimu ikiwa na kutu, pitisha msasa laini kidogo pale kwenye njia ya raba mpaka palainike, usikwangue mpaka uondoe ile kromu yote, kromu ikiisha kutu inarudi kwa kasi. Kwa walio pwani, Unguja, Tanga, Mtwara, huu mchezo wa kutu hauishi kwasababu ya hewa ya chumvi, basi iweni na ratiba ya kufuta rimu mara kwa mara na tambara kavu, haichukui muda.

Alafu raba zenyewe. Zitoe, ziweke kwenye mwanga, uziangalie kwa karibu. Raba iliyokaa sana uso wake unakuwa mgumu, unang'aa ng'aa, ukiukwaruza na ukucha hauachi alama, hiyo haishiki tena inateleza tu huku inapiga filimbi. Ukiangalia vizuri zaidi utaona vidoti vidogo vinavyometameta, hizo ni chembe za chuma zilizotoka kwenye rimu na kuzama ndani ya raba pamoja na punje za mchanga. Zichokoe moja moja na ncha ya sindano au pini. Ni kazi ya kukera kidogo lakini ile kelele ya krrrr inaishia hapo hapo. Baada ya hapo weka msasa juu ya sakafu, sugulia raba juu yake mpaka ule uso unaong'aa uondoke wote na utokee uso mweusi usiong'aa. Kama raba imenyonya oili mpaka ndani, msasa hautasaidia, utasugua leo na kesho inalia tena. Tupa, nunua nyingine, hakuna kitu cha bei rahisi kwenye baiskeli kama raba za breki.

Utaona watu wanakata kandambili au kipande cha tairi wanachomeka badala ya raba. Mi siwezi kumcheka mtu aliye mbali na duka, itakusogeza, lakini kandambili ni laini mno inayeyuka kwenye mteremko mrefu na ikilowa haishiki. Kama unabeba abiria au magunia ya mkaa nyuma usifanye hivyo.

Kurudisha raba kuna jambo moja la kuangalia kwa macho mawili. Kile kishikio cha chuma kinachobeba raba, kwenye breki za fimbo, upande mmoja kimefungwa na upande mwingine kiko wazi ili raba iweze kuchomekwa. Zungusha gurudumu vile linavyozunguka ukiwa unaendesha, kwenda mbele, alafu angalia pale penye raba rimu inaelekea wapi. Upande uliofungwa lazima uwe kule rimu inakoelekea. Ukigeuza, siku ukishika breki kwa nguvu rimu inaichomoa raba kwenye kishikio, inaruka, na wewe unabaki na chuma kitupu. Hili halina mjadala, kagua hata kama baiskeli imetoka kwa fundi sasa hivi. Raba mpya ikiwa ngumu kuingia ipake maji ya sabuni (sio oili!) uisukume na kipande cha mti, kisha bana kidogo ule upande ulio wazi na plaizi.

Sasa tega. Raba zote mbili ziwe umbali sawa na rimu, milimita mbili hivi au tatu, ziangalie rimu katikati, zisiguse tairi wala spoku hata kidogo. Kwenye fimbo kuna kikonyo chenye skrubu unacholegeza ukapandisha au kushusha fimbo, alafu unakibana tena. Kwenye waya kuna ile nati ya kuzungusha kwa mkono pale waya unapoingilia. Ukishika mkono wa breki uanze kushika gurudumu kabla haujafika nusu ya safari yake kwenda kwenye usukani. Ukigusa usukani kabisa hiyo breki ni ya urembo.

Ukishamaliza yote hayo na bado inalia kiii, kuna ujanja mmoja mzuri sana. Fanya raba isiguse rimu yote kwa mpigo, ianze kugusa ile ncha ya mbele, ya kule rimu inakoelekea, ndo ile ya nyuma ifuate. Kwenye breki za waya fanya hivi: legeza nati ya raba, chukua ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu, iweke kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, shika breki ibane na uendelee kuishika (mwambie mtu akushikie, mikono miwili haitoshi hapa), kaza nati, achia, toa kadi. Ule unene wa kadi karibu milimita moja ndo nafasi tunayoitaka. Kwa breki za fimbo kishikio hakigeuki namna hiyo, kwahiyo utafanya kwa msasa au tupa (ile ya kunolea vyuma), unaipunguza raba kidogo kidogo ile ncha ya nyuma mpaka ya mbele iwe ndo inatangulia kugusa. Kidogo tu. Sio uitengeneze kama kabari.

Na ile ya tak tak tak? Hiyo ni kazi ya kunyoosha rimu, kukaza na kulegeza spoku, mpelekee fundi kama hujawahi kushika ile kazi, maana ukikaza spoku vibaya gurudumu linakuwa nane. Kama ni kiungo tu cha rimu kimenyanyuka kidogo, kipitishie tupa laini taratibu kiwe sawa na wenzake.

Jaribu breki mahali tambarare kwanza, sio kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Raba iliyosuguliwa msasa au mpya itahitaji kushikwa shikwa mara kadhaa ndo ikae na rimu yake. Mvua ikinyesha itaweza kulia kidogo tena, na hapo ujue rimu hizi za chuma zenye kromu zikilowa zinashika vibaya sana, kelele sio tatizo kubwa, tatizo ni kwamba baiskeli haisimami pale ulipozoea isimame. Wakati wa mvua anza kushika breki mapema, guso guso, ili raba ifute maji kwanza.

Haya, siti.

Siti inadanganya sana. Nusu ya watu wanaolalamika siti inapiga kelele, kelele haitoki kwenye siti. Kuna njia rahisi ya kujua. Endesha umekaa, sikia. Alafu nyanyuka usimame kwenye pedeli huku unaendelea kukanyaga, sikia tena. Kelele ikiisha, ni siti au bomba lake. Ikiendelea au ikizidi, toka kwenye siti, nenda kwenye pedeli na zile pini za krenki, yaani mkono wa pedeli, tutafika. Njia ya pili ni kusimamisha baiskeli, ukaegemea siti kwa mkono na uzito wako wote, ukaibonyeza mbele, nyuma, kulia, kushoto. Ikilia ukiibonyeza nyuma ni springi, ikilia ukiipeleka kulia kushoto ni klampu au bomba. Sio sheria ya kila mara lakini inakupa pa kuanzia.

Anza na bomba la siti, lile linaloingia kwenye fremu, maana ndo linalosahaulika. Kabla ya kulitoa lizungushie solotepu pale linapoingilia ili ujue urefu wako wa kukaa, la sivyo utarudisha kwa urefu mwingine alafu kesho magoti yanauma. Legeza nati ya pale shingoni mwa fremu, shika siti kwa mikono miwili, izungushe kushoto kulia huku unavuta juu. Likitoka utaona hali halisi, mara nyingi kutu nyekundu kama unga na mchanga uliojikusanya. Hapo ndo kelele inapotengenezwa, chuma kavu ndani ya chuma kavu kinasogea kidogo sana kila unapokanyaga pedeli, huwezi kukiona kikisogea lakini unakisikia.

Sugua bomba na msasa mpaka kutu iishe. Funga tambara kwenye fimbo, lilowanishe mafuta ya taa, ingiza ndani ya bomba la fremu uzungushe, toa, badilisha tambara, rudia mpaka litoke safi. Acha pakauke. Kisha paka grisi nyembamba kwenye ile sehemu ya bomba inayozama ndani tu, kidole kimoja cha grisi kinatosha, ukijaza itakuja juu na kukusanya vumbi na kukuchafulia suruali. Rudisha mpaka kwenye alama ya solotepu. Mabomba mengi mapya yana alama ya mwisho wa kunyanyua, isionekane juu ya fremu. Kama la kwako halina alama hakikisha linazama ndani ya kutosha, bomba lililoingia kidogo linavunja fremu pale shingoni, na kuchomelea fremu ni gharama kuliko bomba refu.

Limegoma kutoka? Usilipige nyundo kwa pembeni, utalikunja. Weka mafuta ya taa au WD-40 pale linapoingilia, gonga gonga kidogo kuzunguka ili yapenye, acha yalale mpaka asubuhi, rudia. Kisha izungushe kwa kutumia siti yenyewe kama mpini. Likianza kuzunguka hata kidogo umeshinda, endelea kuongeza mafuta na kuzungusha. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma ndo gumu kuliko yote, metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu zinaoteana mpaka zinashikana kabisa, hilo likigoma siku mbili mpelekee fundi mwenye jiliwa, kile kibano kikubwa cha mezani. Na kumbuka ile WD-40 ni ya kulegeza vitu vilivyoshikana, sio grisi, baada ya muda mfupi inakauka, kwahiyo kupulizia siti kila Jumapili na kusema umetengeneza ni kujidanganya. Tena ikirukia kwenye rimu unarudi mwanzo wa somo.

Baada ya bomba kuna klampu, kile kibano kinachoshika siti na bomba. Kifungue chote, ukipanga vipande kwa mpangilio chini kwenye gazeti, au piga picha na simu kabla hujagusa, kuna washa na vipande vingi pale na vinaweza kurudi kinyume. Ndani utakuta visahani viwili vyenye meno meno yanayoumana. Hayo meno ndo yanazuia siti isilale mbele au nyuma. Angalia mabonde yake, utakuta yamejaa unga wa kutu mwekundu ulioshindiliwa, kwahiyo meno hayaumani yanakaa juu juu, na ndo maana siti inainuka pua kila ukikaa na kulia kila ukijigeuza. Mswaki na mafuta ya taa, toa uchafu wote mpaka uone chuma. Meno hayo usiyapake grisi nyingi, utando tu kwenye uzi wa boliti na pale vyuma vya siti vinapopita. Kama meno yamelika na kuwa laini kabisa nunua klampu mpya, ukikaza ya zamani kwa nguvu zaidi utakata boliti. Ukirudisha kaza kulia kidogo kushoto kidogo kwa zamu mpaka siti isitikisike.

Springi, zile mbili kubwa za nyuma, zinalia pale mwanzo na mwisho wake zinapofungwa na boliti, sio katikati. Safisha, kaza boliti, tia tone la oili safi au grisi kwenye ile sehemu springi inapokaa juu ya chuma. Fundi mmoja wa zamani aliniambia "mjukuu wangu, mshumaa" na ni kweli, nta ya mshumaa ukiisugulia pale kwenye springi inanyamazisha na haikamati vumbi kama oili, kwa barabara zetu za vumbi hii ndo naipenda kuliko zote. Mafuta ya kupikia usitumie, mwanzo yanateleza vizuri lakini yakipigwa hewa na jua yanakuwa gundi, na mchanga wote wa njiani unakuja kukaa hapo.

Kama siti yako ni ya ngozi, ile ya kizamani ya rivet (zile pini za chuma zinazoshikilia ngozi), ngozi yenyewe inaweza kulia inaposugua chuma cha chini. Ikiwa imelegea na inabonyea katikati, angalia chini ya pua ya siti kuna boliti ndefu na nati yake, ndo ya kuvuta ngozi. Izungushe nusu mzunguko tu, kaa, sikia, kama bado ongeza nusu nyingine siku nyingine. Ukiivuta sana kwa mara moja ngozi inapasuka kwenye rivet na hiyo siti umeiua. Pale inapogusana na chuma nyunyiza poda kidogo, ile ya mtoto. Juu yake paka dawa ya viatu isiyo na rangi, ya rangi nyeusi itahamia kwenye suruali yako ya kwendea kanisani. Ngozi ikilowa iache ikauke kivulini, usiikalie ikiwa mbichi, inachukua umbo baya na hairudi.

Na kama umefanya yote haya na kelele bado ipo, kuna majirani wa siti wa kuwachunguza. Keria ni wa kwanza, kwenye baiskeli nyingi mikono yake inafungwa karibu kabisa na shingo ya siti, wakati mwingine kwenye boliti hiyo hiyo, na keria iliyoongezewa nondo za kubebea mizigo inacheza na kulia kama siti. Shikilia keria kwa mkono, mwenzako akae kwenye siti, utajua. Madigadi nayo, zile waya zake zinatetemeka, kaza tu.

Wa mwisho ni pini za krenki, zile zinazoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli. Hii kelele ni tak au nyik kila pedeli ikifika chini, na inasikika hata ukiwa umesimama. Pini ikilegea usikaze nati peke yake, nati haina nguvu ya kuivuta pini ndani, inakufa uzi tu. Weka kipande cha chuma kizito au gogo gumu chini ya krenki ili nguvu isiende kwenye gololi, gonga kichwa cha pini na nyundo mara kadhaa kwa nguvu ya kutosha, ndo ukaze nati kushikilia. Pini ikiwa imelika pembeni, ina kibonde, nunua mpya na uende na ya zamani dukani uzilinganishe, za Kiingereza ni milimita 9.5 na kuna za 9 pia, ukiweka nyembamba kwenye tundu kubwa italegea kabla hujafika sokoni. Pini mbili zinaingia kwa kupishana, moja nati yake juu na nyingine chini pedeli zikiwa zimelala, ukiweka zote upande mmoja pedeli hazitakuwa kwenye mstari mmoja.

Ukimaliza endesha mzunguko mmoja wa mtaa ukiwa na spana mfukoni. Rudi, kaza tena nati ya siti, klampu na nati za breki, maana zikishapata uzito wa mtu zinajikalia na kuachia kidogo. Kabla ya masika toa bomba la siti, futa, paka grisi mpya, na upitishe kidole ule upande wa ndani wa rimu uone kinatoka na rangi gani.